Linki 100 za mshindani nimezipata, sasa nizifanyie nini? (duka la bidhaa za ukili)

BiUkili aliuliza:

Assalaam alaykum wadau. Tunauza mikoba, vikapu na mikeka ya ukili kutoka Unguja kupitia duka letu wenyewe la WooCommerce (programu ya kuendesha duka kwenye tovuti). Bidhaa ziko 34, na wateja tunaowalenga wako Ujerumani, Uholanzi na Uingereza. Mauzo mengi yanapitia Etsy na Instagram. Google inatuletea watu wa kuhesabu kwa vidole.

Nimeambiwa tatizo ni bakilinki, yaani hakuna tovuti zinazotutaja. Basi nikachukua anwani ya duka moja la vikapu la Ulaya linalotutangulia, nikaiweka kwenye kikaguzi cha bure cha Ahrefs (kampuni ya zana za kuchambua linki), nikapata linki zake 100 za juu. Nimezitazama weee, nimekwama. Humo mna jarida la mapambo ya nyumba, mna blogu za safari, mna tovuti za kuponi, mna na vitu vya herufi nisizozijua.

Naomba kuelekezwa. Kwanza, hiyo orodha inachambuliwaje? Pili, nikishaichambua nawaandikia nini wenye hizo tovuti? Tatu, kuna mtu ananiuzia linki 300 kwa dola 40, anasema zote ni za tovuti zenye DR ya 50 kwenda juu. Nichukue?

Msuka_Wavuti alijibu:

Wa alaykum salaam dada. Naanza na la tatu kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia: usinunue. DR (Domain Rating, kipimo cha nguvu ya linki za tovuti) ni namba ya Ahrefs, si ya Google, na hupandishwa kwa hila. Mtu ananunua kikoa (jina la tovuti) cha zamani kilichoachwa, anakielekeza kwenye tovuti yake, namba inapaa huku tovuti haina msomaji. Google ilianza kuzipiga linki za namna hiyo kwa nguvu Aprili 2012 na sasisho la Penguin, na tangu 2016 ukaguzi huo umo ndani ya mfumo wake wa kila siku. Sasa nyingi hazihesabiwi tu, yaani dola 40 zimekwenda na maji. Zikiwa nyingi na za wazi mno, unaweza kupata adhabu ya mkono, yaani inayotolewa na mtu wa Google, si mfumo. Hiyo utaiona Search Console (zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti), sehemu ya Manual actions, na kuiondoa ni kazi ya kuomba na kusubiri.

Tuje kwenye orodha. Mistari 100 ya mshindani mmoja haikwambii kitu, kwa sababu huwezi kutenganisha linki aliyoipata kwa kuwa ni rafiki wa mtu na ile ambayo nawe unaweza kuipata. Unachotafuta ni tovuti inayotaja maduka mawili, matatu au zaidi yanayofanana na lako. Huyo ana desturi ya kuandika habari za vikapu, na atakayeandika tena ndiye wa kumwendea.

Kwa hiyo fikisha washindani sita hadi wanane. Usijifungie kwenye ukili, wauzaji wake ni wachache. Chukua wanaouza vikapu vya Bolga vya Ghana, agaseke za Rwanda, kiondo cha katani cha Kenya, rafia ya Madagaska. Mwandishi wa mapambo aliyeweka Bolga na kiondo kwenye ukurasa mmoja tayari anaye msomaji unayemtafuta. Ukili haupo pale kwa sababu hajawahi kuuona. Etsy, Amazon na maduka makubwa ya samani yaache, linki zao ni nyingi kupita kiasi na hazikufundishi lolote.

Kuwapata washindani, tafuta kwa lugha ya mnunuzi huku ukiondoa masoko makubwa:

`Korb handgeflochten Afrika -etsy -amazon -pinterest`
`handgevlochten mand Afrika -etsy -amazon -pinterest`

Chukua maduka yenye kikoa chake, ambayo nayo yanaonekana ni ya watu wachache. Amri ya `link:` ya Google isikupotezee muda, haifanyi kazi tangu 2017.

Linki zao unazipata bure kwa njia mbili. Ya kwanza ni hiyo ya Ahrefs, linki 100 za juu kwa kila duka. Ya pili ni Bing Webmaster Tools: ukishathibitisha tovuti yako, sehemu ya Backlinks inakuruhusu kuweka tovuti za wengine kando ya yako na kuona nani anawataja wao na hakutaji wewe. Watu wengi wa huku hawaifungui kabisa, na ni bure.

Mimina yote kwenye Google Sheets. Safu A ni ukurasa unaolinki, B ni kikoa chake, C ni jina la mshindani, D ni anwani iliyolinkiwa, E ni maneno ya linki. Kikoa usikiandike kwa mkono, weka hii B2 uiburute chini:

`=REGEXEXTRACT(A2,"https?://(?:www\.)?([^/]+)")`

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanahesabu safu B moja kwa moja kwa COUNTIF, na blogu moja iliyoweka linki ya duka kwenye utepe wa pembeni inatokea mara 40, moja kwa kila ukurasa. Inaonekana dhahabu kumbe inamtaja mshindani mmoja tu. Kwanza ondoa marudio: weka `=UNIQUE(B2:C)` kwenye H2, kisha J2 weka `=COUNTIF(H:H,H2)`. Hiyo namba ndiyo idadi ya washindani wanaotajwa na kikoa hicho. Panga kuanzia kubwa. Yenye 3 kwenda juu yafungue yote kwa macho, yenye 2 yafungue mengi, yenye 1 chagua tu. Na ikiwa Sheets yako imewekwa nchi ya Ulaya kama Ujerumani au Uholanzi, badala ya mkato ndani ya fomula andika nukta mkato, la sivyo itakuonyesha kosa.

Za kuponi, zinazokokotoa takwimu za tovuti, zinazoiba picha, na hizo za herufi usizozijua: futa mistari yake. Huna haja ya kuzikana kwa Google kwa ile zana ya disavow. Zana hiyo ipo tangu 2012 kwa ajili ya aliyenunua linki au aliyepata adhabu. Tovuti ya kawaida haiihitaji. Usishangae mistari 600 ikibaki 40. Hiyo 40 ndiyo kazi.

Kisha ongeza safu ya F uandike neno moja: *kwa nini* wamelinki. Orodha ya zawadi, makala ya mapambo, safari, maelezo ya malighafi, orodha ya wauzaji, picha, uanachama. Hii safu ni kubwa kuliko namba zote, kwa sababu kila sababu inadai kitu tofauti kutoka kwako. Ukiona 15 kati ya 40 wanalinki kwa sababu mshindani ana ukurasa unaoeleza jinsi katani inavyosokotwa, basi barua hazitakusaidia mpaka nawe uwe na ukurasa kama huo. Ukurasa wa bidhaa wenye bei na kitufe cha kununua haulinkiwi na mwandishi wa makala; hana cha kumwonyesha msomaji wake pale.

Na ninyi mna cha kueleza. Tofauti ya ukindu (mkindu, *Phoenix reclinata*) na miyaa (majani ya mkoma, jenasi ya *Hyphaene*). Jani linavyochanwa, linavyochemshwa na rangi, ukili unavyosukwa kuwa utepe mrefu kisha kushonwa kwa kuzungusha. Kwa nini mshono ukikaa mbali kikapu kinalegea mdomo. Picha nane za mikono ikifanya kazi, upana wa ukili kwa milimita, majina ya mimea. Andika kwa Kiingereza na Kijerumani, na Kiswahili pia. Mwanafunzi wa ubunifu, mwandishi wa nguo, blogu ya ususi, wote wanahitaji mahali pa kumpeleka msomaji, na kurasa nzuri za ukili mtandaoni ni za kutafuta kwa tochi. Onyo moja: usiende Wikipedia kuchomeka duka lako. Linki za kule zina alama ya `nofollow`, inayoiambia Google isizihesabu, na wahariri huzifuta.

Fundi301 alijibu:

Mkuu hapo juu amemaliza uchambuzi. Naongeza jambo linalowaua wauza bidhaa za mikono kuliko wengine: linki inapatikana, bidhaa inauzwa, ukurasa unafutwa.

Mwenye kiwanda ana kikombe kilekile miaka mitano. Ninyi mkoba wa rangi ile unatoka mmoja, ukinunuliwa basi. Mwanablogu ameulinki mwezi wa tano, mwezi wa sita umeufuta, msomaji anakuta 404 (ukurasa haupo). Linki imekufa hata kabla Google haijaizoea, na mwanablogu akigundua anaitoa.

Kabla ya kutafuta hata linki moja mpya, okoa ulizonazo. Search Console, ripoti ya Links, fungua Top linked pages upande wa nje, pakua. Fungua kila anwani. Yenye 404 iwekee elekezo la 301 (la kudumu) kwenda kundi la karibu zaidi: mkoba wa bega uende kwenye mikoba ya bega. Usizielekeze zote ukurasa wa mwanzo. Google huona hiyo ni sawa na ukurasa usiopo na haiihesabu. Kwa WooCommerce programu-jalizi ya Redirection inatosha, na ni bure.

Kuanzia sasa bidhaa iliyouzwa usiifute kama ina linki. Iache na neno "imeuzwa", chini yake weka nne zinazofanana. Na unapompa mtu anwani, mpe ya kundi, isiyobadilika: /mikoba-ya-ukili/ na si /mkoba-mwekundu-namba-17/. Usitie mwaka wala namba ya toleo ndani ya anwani ya kundi.

Kwa anayetumia Shopify: bidhaa moja inafunguka kwa anwani mbili, ya /collections/…/products/… na ya /products/… tu. Toa hiyo fupi, ndiyo ambayo mfumo wenyewe unaitambulisha kuwa ya asili.

Jingine, dada: mwandishi akikuuliza anwani, usimpe ya Etsy. Linki hiyo inaipa nguvu Etsy, na siku ukifunga duka kule inabaki yao.

BiUkili:

Shukrani sana ndugu zangu. Nimekwisha kuona anwani tatu za 404 zenye linki, nazielekeza leo. Bado mawili. Wanablogu wawili wameomba mkoba wa bure ili waandike, je, hiyo inahesabika kununua linki? Na nimeona picha yetu ya fundi anashona kikapu kwenye tovuti ambayo hatuijui, bila jina letu.

MwandishiBarua alijibu:

Dada, kwa Google, bidhaa ya bure kwa ajili ya makala yenye linki ni biashara ya linki. Imeandikwa wazi kwenye kanuni zake. Si kosa kumtumia mtu mkoba. Kosa ni linki hiyo kujifanya imetolewa kwa hiari. Mwambie aiwekee `rel="sponsored"` (linki ya kulipiwa) au `rel="nofollow"`. Alama ya sponsored ilianza 2019, nofollow ni ya 2005. Baada ya hapo jiulize swali la duka: wasomaji wake wananunua? Ikiwa ndiyo, mkoba umekwenda mahali pema hata bila nguvu ya Google. Ikiwa anataka tu mkoba, mshukuru.

Picha ni mlango mzuri sana na haugharimu. Chukua picha zako kumi bora, zile za mikono na malighafi, zipitishe Google Lens na TinEye (zana za kutafuta picha ilikotumika) moja moja. Unaowakuta wameitumia, usiende na vitisho vya haki miliki. Andika: picha hii ni yetu, tunafurahi ibaki, tunaomba chini yake jina la duka na linki ya ukurasa wa jinsi ukili unavyosukwa. Mtu aliyekwisha kutumia kazi yako ana sababu ya kukubali. Kama wanageuza picha yenyewe kuwa linki, waombe wajaze maelezo ya picha ya alt, kwa sababu Google huyasoma kama maneno ya linki.

Sasa barua. Katika zile 40, anza na zenye linki mfu. Maduka ya bidhaa za mikono hufungwa mara kwa mara, na kurasa za mapambo zinaendelea kuyaonyesha. Kiongezo cha Chrome kama Check My Links kinakagua ukurasa mzima kwa sekunde chache, lakini kina upofu: kikoa kilichokwisha muda na kuwekewa matangazo kinajibu "200, kipo". Hizo za maduka zibofye mwenyewe. Ukitaka kujua duka lililokufa lilikuwa likiuza nini, weka anwani yake kwenye web.archive.org, hifadhi ya kurasa za zamani.

Maana ya barua iwe hivi, kwa lugha ya mpokeaji:

*"Habari. Kwenye ukurasa wako wa vikapu vya kuwekea kuni na nguo, linki ya duka la tatu, la vikapu vya kiondo, haifunguki tena, duka limefungwa. Ukihitaji cha kujaza nafasi hiyo, sisi tunauza vikapu vya ukili vinavyosukwa Unguja. Kikubwa kina kipenyo cha sentimita 45, na tunatuma Ujerumani. Picha tano unazoruhusiwa kutumia ziko hapa, na jinsi ukili unavyosukwa tumeeleza hapa."*

Basi. Haizidi maneno 100, haina kiambatisho (picha ziwe kwenye linki, upana wa pikseli 1600 zinatosha), na haimwambii aandike maneno gani kwenye linki. Ukidai kila mtu aandike "nunua kikapu cha Kiafrika", maneno yale yale yakijirudia kwenye tovuti 20 ni alama ya udanganyifu. Jina la duka ndilo la kawaida. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya siku 7 hadi 10, kisha mwache.

Ujerumani nenda kwa adabu zaidi. Sheria yao ya ushindani usio wa haki, UWG, kifungu cha 7, inakataza matangazo ya imeli bila ridhaa, hata kwa kampuni. Ile imeli iliyoko kwenye Impressum (ukurasa wa kumtambulisha mwenye tovuti) ipo kwa sababu sheria inalazimisha iwepo. Si ruhusa ya kutumiwa matangazo. Kwa Wajerumani anza na waliotangaza wenyewe kuwa wanapokea mapendekezo ya bidhaa, pitia fomu waliyoiweka, na kamwe usitume barua moja kwa watu 30.

Za orodha za zawadi zina majira yake. Majarida ya kuchapwa ya Uingereza hupanga Krismasi kuanzia Julai. Za mtandaoni hutoka Novemba, kwa hiyo Septemba na Oktoba ndiyo miezi yako. Nyingi huhuishwa kila mwaka kwenye anwani ileile na mwandishi yuleyule. Mshindani aliyetajwa mwaka jana amekuonyesha jina la mtu wa kumwandikia mwaka huu. Mwandikie tu kama kikapu kitakuwepo Desemba kwa idadi ya kutosha. Akikutaja ukaishiwa wiki ya kwanza, mwakani hakutaji.

Msuka_Wavuti:

Naongeza kuhusu kupima, maana hapa watu hukata tamaa mapema. Ripoti ya Links ya Search Console ni sampuli na huchelewa. Linki ya leo inaweza kuchukua wiki kadhaa kuonekana. Tazama Google Analytics, upande wa Referral (wageni waliotoka tovuti nyingine): linki nzuri inaleta watu siku hiyohiyo. Linki isiyoleta mtu hata mmoja kwa miezi mitatu, ujue hata Google haina sababu kubwa ya kuithamini. Andika kwenye sheet tarehe ya barua, jibu, tarehe ya linki, na wageni waliokuja.

Na kama siku moja mtataka wateja wa Dar au Nairobi, msiende kwa njia hii. Huko watu wananunua kwa WhatsApp na Instagram. Google Business Profile yenye picha na saa za kazi itawafaa zaidi kuliko linki 20.

BiUkili:

Nimefanya kwa washindani saba. Vikoa vilivyobaki baada ya kufuta ni 38. Vitatu vya juu: jarida la mapambo la Uholanzi, limetaja wanne, wote kwenye makala ya zawadi. Blogu ya Uingereza ya mwandishi wa bustani, imetaja watatu, makala ya vikapu vya kuvunia, duka moja limekufa. Na orodha ya wanachama wa shirikisho la biashara ya haki, inataja watano. Nianze na nani?

MwandishiBarua:

Mwandishi wa bustani, leo. Ana nafasi wazi, na anaandika habari za kikapu kinachofanya kazi, si pambo. Lakini kabla hujamwandikia, jaribu wewe: kikapu cha miyaa kikilowana na udongo mbichi wa viazi kinakuwaje baada ya wiki? Atakuuliza. Mwambie ukweli, na kama kinahitaji kukaushwa kivulini baada ya kuvuna, liweke hilo kwenye ukurasa wa kundi pamoja na uzito kinaoubeba bila mpini kuvutika.

Jarida la Uholanzi liwekee tarehe ya Septemba. Orodha ya shirikisho iruke kwa sasa. Watano wapo pale kwa sababu ni wanachama, na uanachama una ukaguzi na ada. Hiyo ni hesabu ya biashara nzima, haiamuliwi kwa ajili ya linki.

Fundi301:

Na hicho kikapu cha kuvunia ukikipa ukurasa wake wa kundi, anwani iwe fupi na ya Kiingereza, na iwe imefunguka na kuingia Google kabla barua haijatoka. Ikague kwa URL Inspection kwenye Search Console, uombe isomwe. Mwandishi akibofya akakuta ukurasa mtupu, hakuna barua ya pili itakayomrudisha.